Kompyuta Iliyo Macho Bila Kazi

Katika familia yetu, kompyuta ya mtu ikianza kusumbua, simu inapigwa kwangu. Na tukishamaliza tatizo lenyewe, swali linalofuata huwa ni lile lile: nikimaliza kuitumia niizime, niilaze (ile Sleep ya kwenye menyu), au niiache tu inawaka? Anayeuliza kwa kawaida ameshapewa jibu na mtu mwingine, tena kwa uhakika mkubwa. Fundi amemwambia kuwasha na kuzima kila siku kunaiua mashine. Mfanyakazi mwenzake amemwambia kulaza ni mchezo, kompyuta izimwe kabisa. Jirani hajawahi kuizima yake tangu ainunue, na kila akitembelewa anaionyesha kuwa bado nzima.

Jibu langu nalitoa mapema. Kulaza ni sawa, kuzima ni sawa, na hata kuiacha macho ni sawa kama kuna kazi inayoifanya. Nisichokitetea ni kompyuta kukaa macho siku nzima na usiku kucha ikimsubiri mtu ambaye hayupo. Watu hubishana sana juu ya kulaza na kuzima, na huko ndiko tofauti ilikokuwa ndogo.

Tuchukue kompyuta ya mezani ya kawaida ambayo, ikiwa imewashwa lakini haina inachofanya, inakula wati 60. Zile za wachezaji wa gemu, zenye kadi kubwa za picha, huvuka hapo bila shida, na skrini nimeiweka kando kwanza. Mwenye kompyuta anaitumia saa 4 kwa siku. Katika saa 20 zinazobaki, ikiachwa macho, inakula kilowati-saa 1.2. Kwa mwaka zinakuwa 438. Mashine hiyo hiyo ikilazwa kwa saa hizo, ikivuta wati 2 hivi, kwa mwaka itatumia kama 15. Ikizimwa huku bado imechomekwa ukutani, ikivuta nusu wati, itatumia kama 4.

Ziangalie tena namba hizo: 438, 15, 4. Ugomvi wote wa kulaza au kuzima uko kati ya 15 na 4. Kati ya 438 na 15 hakuna anayegombana, ilhali huko ndiko umeme unakoishia. Kwa laptopu mambo ni madogo zaidi, kwa sababu nyingi zikiwa zimekaa tu hutumia wati chache. Kwa wati 6, zile saa 20 za kila siku zinafika kilowati-saa 44 kwa mwaka. Mtu mwenye laptopu akiisahau macho usiku mmoja simsumbui. Mwenye mashine kubwa ya mezani namsumbua, na nitaendelea kumsumbua.

Sasa hofu ya kuzima. Hii sipendi kuipuuza, kwa sababu haikuzuka hewani. ENIAC, kompyuta iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuonyeshwa hadharani Februari 1946, ilikuwa na valvu za kioo, yaani swichi za umeme za zama hizo, karibu 18,000, kila moja na waya wake wa kujipasha moto, na ilivuta kilowati 150 hivi. Wahandisi wake waligundua kwamba valvu nyingi zilikuwa zinakufa wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa. Zikishatulia kwenye joto lake la kazi, zilidumu. Basi wakawa hawaizimi ovyo. Ilipohamishiwa Aberdeen, Maryland, iliwashwa tena Julai 29, 1947, na ikaendelea na kazi hadi Oktoba 2, 1955. Watu wale walikuwa wameihesabu hasara yao, na kwa mashine ile walikuwa sahihi kabisa.

Valvu zilipoondoka, ushauri ulibaki. Kisha diski za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zikaupa nguvu upya. Kompyuta ilipozimwa, vichwa vya kusomea vilitua juu ya sahani yenyewe inayozunguka na kubeba data, na kwenye baadhi ya diski hizo vilinata pale pale. Asubuhi mota ilikosa nguvu ya kuvibandua, na kila kilichokuwemo kikawa kimefungiwa ndani. Mafundi waliokulia na diski hizo walijifunza kwa uchungu kutozima, na wakawarithisha wanafunzi wao. Ndiyo maana mtu akiniambia anaogopa kuzima kompyuta yake, simcheki. Anayarudia maneno ya mtu aliyewahi kupoteza data kweli, ila mashine iliyo mbele yake ni nyingine.

Diski za sahani zinazotengenezwa siku hizi huegesha vichwa vyake pembeni, nje ya sahani, na hukadiriwa kustahimili kuegeshwa mara 300,000 au 600,000. Hata zile za kutua juu ya sahani, katika miaka yake ya mwisho, zilikuwa zinaandikiwa kustahimili kuwashwa na kuzimwa mara 50,000. Ukiwasha na kuzima mara mbili kila siku, mwaka unaisha ukiwa umefika 730. Kwa mwendo huo, zile 50,000 zingekuchukua miaka 68. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, haina mota wala kichwa, kwa hiyo haimo kabisa katika mazungumzo haya.

Upo ushahidi mmoja ambao wanaopinga kuzima wangeweza kunishika nao, na ni haki niutaje. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Kwa diski za hadi miaka miwili hawakuona uhusiano wa maana kati ya idadi ya kuwashwa na kuharibika. Kwa zilizofikisha miaka mitatu na kuendelea, zile zilizowashwa mara nyingi ziliharibika zaidi, kwa asilimia 2 na ushee, na wao wenyewe walidhani sababu ilikuwa zaidi ni mchanganyiko wa diski zilizokuwemo. Kwangu hilo linatosha kunifanya niwe mwangalifu na kompyuta yenye diski kuukuu. Hiyo siiwashi na kuizima kila baada ya nusu saa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanaolaza ili kuilinda mashine hawalioni. Kulaza kunasimamisha diski. Kunasimamisha feni, kunaizima prosesa, na joto lote linashuka. Ukiitazama kwa upande wa vyuma na solda, kompyuta iliyolala usiku imepoa sawasawa na iliyozimwa, na asubuhi itapata moto sawasawa. Anayeogopa kupoa na kupata moto hana faida yoyote anayoipata kwa kulaza. Chaguo lake pekee lingekuwa kuiacha macho. Na kuiacha macho nako kuna gharama yake kwenye vyuma. Beringi za feni zinasagika kwa saa. Vumbi linaingia kwa saa. Kapasita, vile vijidude vya kuhifadhi chaji kwenye ubao mkuu na kwenye pawasaplai, zinakauka taratibu kwa joto, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua huongeza maisha ya kapasita karibu mara mbili. Saa 20 za kupoa kila siku ni zawadi kwao.

Wapo pia wanaosema kuwasha kompyuta kunavuta umeme mwingi kuliko kuiacha inawaka. Mvuto wa ghafla wa umeme upo, ni kweli, pawasaplai inapojaza kapasita zake, lakini unadumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikiwashauri watu wake kuzima skrini wakiondoka kwa zaidi ya dakika 20, na kuzima kompyuta nzima kama hawatarudi ndani ya saa 2. Na zile picha zinazocheza kwenye skrini wakati hakuna mtu haziokoi hata wati moja. Zilikuwa na maana zama za skrini za kioo kinene, ambapo picha iliyosimama muda mrefu iliacha alama ya kudumu.

Tuje kwenye kulaza kwenyewe, maana nadhani wengi wanaoliogopa hawajawahi kuelezwa kinachoendelea humo ndani. Memori ya RAM huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno. Wazo la seli ya namna hiyo, kapasita moja na transista moja (swichi ndogo ya umeme), lilipewa hataza mwaka 1968 kwa jina la Robert Dennard wa IBM, na hadi leo ndilo linaloendesha memori za kompyuta zetu. Seli hiyo ni kama ndoo iliyotoboka: haiwezi kukaa na kilichomo bila kuongezwa. Kwa kawaida memori nzima hupitiwa na kujazwa upya kila milisekunde 64. Unapoilaza kompyuta, karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa kazi hiyo moja ya kuijaza memori, na umeme mdogo wa kusikiliza kama kibodi imeguswa. Programu zako, dirisha uliloliacha wazi, sentensi uliyoikatiza katikati, vyote viko pale pale. Ndiyo maana inaamka kwa sekunde moja au mbili: haina cha kupakia.

Na ndiyo maana umeme ukikatika wakati imelala, yote hayo yanapotea. Mwenye laptopu analindwa na betri. Mwenye kompyuta ya mezani hana kinga hiyo, na hapa ndipo usingizi mzito (Hibernate) unapofaa, ule ambao memori yote inaandikwa kwenye diski kwanza, kisha mashine inazimika kabisa. Tangu Windows Vista kuna pia njia ya kuchanganya: kompyuta inaandika nakala kwenye diski, halafu inalala kawaida. Umeme usipokatika, inaamka haraka. Ukikatika, inasoma nakala. Kwa mtu wa kompyuta ya mezani anayependa kulaza, hili ndilo la kwanza ninaloangalia kwenye mipangilio yake. Na kabla ya hilo namwambia abonyeze vitufe vya kuhifadhi kazi yake, kila mara, kabla ya kuinuka kwenye kiti. Hakuna usingizi wa kompyuta unaoshinda faili iliyohifadhiwa.

Watu wengine wanauogopa usingizi mzito kwa sababu wamesikia unaimaliza SSD. Nimewahi kulipiga hesabu. Kompyuta yenye RAM ya GB 16, ikiandika GB 6 na kitu kila mara, mara mbili kwa siku, inafika kama TB 4.7 kwa mwaka. Zipo SSD nyingi za GB 500 zenye dhamana ya kuandikiwa TB 300. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 ya kulala usingizi mzito, na kompyuta yenyewe haitafika huko.

Uwezo huu wote wa kulala haukuja wenyewe. Mwaka 1992 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilianzisha Energy Star, alama ya vifaa visivyopoteza umeme, na bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na skrini. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton akaziamuru ofisi za serikali yake zinunue kompyuta zenye alama hiyo, na mnunuzi wa ukubwa ule akisema anataka mashine inayojua kulala, watengenezaji husikia. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, kanuni zinazoziwezesha programu na vyuma kuelewana kuhusu nani alale lini na kwa kiasi gani. Ndani yake kulala kwa kawaida kunaitwa S3, usingizi mzito S4, na kuzimwa S5. Kabla ya kanuni hizo kukomaa, kulaza kompyuta kulikuwa kamari kweli: iliamka bila sauti, au bila skrini, au haikuamka. Mtu aliyeacha kulaza wakati huo alikuwa na haki. Ningependa tu ajaribu tena.

Na S5, kuzimwa, kunastahili maelezo, kwa sababu kuna watu wanazima kompyuta kila usiku kwa bidii na bado haijawahi kuzimika sawasawa.

Swichi za kompyuta za zamani zilikata umeme kwa mkono wako. Windows 95 ilikuwa inamaliza mambo yake, kisha inakuandikia kwamba sasa ni salama kuzima, na wewe unabonyeza. Muundo wa ATX, uliotolewa na Intel mwaka 1995, ulibadilisha hilo: kitufe cha mbele kikawa ombi linalopelekwa kwenye ubao mkuu, na pawasaplai ikaendelea kutoa volti 5 kidogo saa zote ili ubao huo uweze kulisikia ombi. Ukichungulia ndani ya kompyuta ya mezani iliyozimwa, mara nyingi utaona kataa kadogo kanawaka. Nusu wati ile niliyoihesabu juu inatoka hapo. Anayetaka sifuri halisi achomoe waya, au azime swichi ya nyuma au ya soketi. Radi ikinguruma nami huchomoa, kwa sababu kuzima kwa kitufe hakuikingi mashine na umeme unaokuja kupitia waya.

Kisha ikaja Windows 8, mwaka 2012, na kuwasha kwa haraka. Tangu hapo, kwenye kompyuta nyingi, ukichagua kuzima, Windows inafunga programu zako lakini kiini chake na madereva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) inaviandika kwenye diski, kama usingizi mzito wa nusu mwili. Ukiwasha, inavirudisha vilivyokuwa. Ni ufundi mzuri, hasa kwa diski za sahani, ambako uliokoa muda mwingi. Shida ni kwamba hitilafu iliyomo ndani ya kiini nayo inahifadhiwa na kurudishwa. Printa iliyogoma jana inagoma leo, na mwenyewe anaapa kuwa ameizima kompyuta na kuiwasha. Kweli ameizima. Ukifungua Task Manager na kutazama kwenye ukurasa wa CPU muda ambao mfumo umekuwa hai, utakuta unasoma siku nyingi mfululizo. Dawa yake ni kuchagua kuwasha upya, ambako kiini kinaanza kutoka mwanzo, au kushikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima. Hili nimelieleza kwa watu wengi kuliko jambo lingine lolote la kompyuta, na bado kila ninapolieleza kuna anayeshangaa kwamba kuwasha upya kunasafisha zaidi ya kuzima.

Kulala nako kumebadilika. Laptopu nyingi za Windows za miaka ya karibuni hazina tena S3. Badala yake zina usingizi mwepesi, unaofanana na wa simu: skrini inazimika, lakini mfumo unaweza kuinuka kidogo kupokea barua pepe, kuangalia masasisho, kisha kurudi. Ikienda vizuri, unafunga na kufungua kifuniko papo hapo. Ikienda vibaya, programu moja au dereva mmoja anaizuia kurudi usingizini, na laptopu inabaki ikifanya kazi ndani ya begi lisilopitisha hewa. Unaifungua ukifika, unaikuta ya moto na betri imekwisha. Joto la namna hiyo ndilo adui mkubwa wa betri ya lithiamu, hasa ikiwa imejaa. Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni thabiti: laptopu inayoingia kwenye begi kwa safari ya zaidi ya saa moja izimwe, au iwekwe kwenye usingizi mzito. Ukitaka kujua yako ina usingizi wa aina gani, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /a, na itakuorodheshea inazozijua. Usingizi mzito usipoonekana kwenye menyu ya kuzima, unaweza kuuongeza kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya vitufe.

Wanaolaza tu, bila kuzima wala kuwasha upya kwa wiki nyingi, wana tatizo la aina nyingine. Programu zina tabia ya kuomba memori na kusahau kuirudisha, na kila siku inayopita kilichosahauliwa kinaongezeka. Kuna na hesabu za muda zinazojaa. Windows 95 na 98 zilikuwa na kaunta ya milisekunde iliyohifadhiwa kwa biti 32, na kaunta hiyo hujaa baada ya siku 49.7; mashine iliyofika hapo bila kuzimwa iliweza kuganda. Hilo si la kale peke yake. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliwaamuru wenye ndege za Boeing 787 wazime umeme wa ndege mara kwa mara, kwa sababu programu ya vidhibiti vya jenereta, ikikaa hai siku 248 mfululizo, ingeweza kuzima vyote kwa pamoja. Kama ndege ya abiria ilihitaji kuwashwa upya, sioni aibu ya kompyuta ya mezani kuhitaji hivyo. Mara moja kwa wiki inatosha. Masasisho ya usalama pia mengi hayaanzi kazi mpaka uwashe upya, na mtu anayebonyeza baadaye, baadaye, kwa miezi, anakaa na mlango ambao ufunguo wake mpya umeshaletwa.

Usalama una upande mwingine unaonihusu zaidi kwa watu wanaobeba siri za wenzao: daktari mwenye majalada ya wagonjwa, mwalimu mwenye alama za watoto, mwandishi mwenye majina ya waliomwamini. Wengi wao wamesimba diski zao kwa nywila, zisisomeke bila ufunguo, na wamefanya vyema. Lakini kompyuta iliyolala bado ina ufunguo wa diski hiyo ndani ya RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba memori haisahau papo hapo umeme unapokatwa. Kilichomo hudumu kwa sekunde kadhaa, na ukiipoza kwa kupulizia kopo la hewa lililogeuzwa chini juu, hudumu kwa dakika. Kwa njia hiyo walitoa funguo za diski zilizosimbwa. Mwizi wa kawaida hatafanya hivyo, anataka kuiuza laptopu tu. Ila anayevuka mpaka au anayelala hotelini na siri za watu aizime kabisa kwanza, akae nayo dakika chache, ndipo aiweke.

Nimesema kuiacha macho ni sawa ikiwa na kazi, na hilo sikulisema kwa adabu tu. Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home, programu iliyowaomba watu wa kawaida waazime nguvu za kompyuta zao zikiwa hazitumiki, ili kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani. Mamilioni ya watu waliitikia. Kazi mpya ziliacha kutumwa Machi 2020, na mwezi huo huo mradi mwingine wa aina hiyo, Folding@home, unaochunguza jinsi protini zinavyojikunja, ulifurika watu waliotaka kusaidia utafiti wa virusi vya korona, hadi nguvu zao kwa pamoja zikavuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Kompyuta ya chumbani ya mtu aliyelala ikifanya kazi kama hiyo iko macho kwa haki. Vivyo hivyo inayonakili picha za miaka kumi kwenda kwenye diski ya akiba, au inayotengeneza filamu fupi ya mwanafunzi mpaka alfajiri. Kazi ikiisha, ijizime. Programu nyingi za aina hiyo zina chaguo hilo.

Na kama kazi yenyewe ni ndogo lakini ya saa 24, mfano kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima au kuangalia kamera ya mlangoni, usiitumie mashine ya wati 60. Kompyuta ndogo ya ubao mmoja kama Raspberry Pi inaifanya kwa wati chache. Anayehitaji kuifikia kompyuta kubwa akiwa chumba kingine anaweza kuiacha imelala na kuiamsha kwa ujumbe maalum kupitia kebo ya mtandao. Uwezo huo upo tangu katikati ya miaka ya 1990 na ubao mkuu wa kawaida unao.

Yangu nimeipanga hivi. Skrini inazimika baada ya dakika 10, kompyuta inalala baada ya 20. Mchana kutwa inalala na kuamka kadiri ninavyoingia na kutoka, na siifikirii. Usiku naizima. Kwa umeme faida ni ndogo, nimeshaionyesha. Naizima kwa sababu asubuhi nataka kuanza na dirisha tupu, nichague mwenyewe la kwanza kulifungua. Mwisho wa wiki naiwasha upya na kuyaacha masasisho yaingie yakiwa na nafasi.

Kwa wazee wangu nimefanya tofauti. Wao kompyuta inayochukua dakika mbili kuwaka wanaihesabu imeharibika, na wakishaona imeharibika wanakaa wiki bila kuigusa, na ujumbe wa wajukuu unakaa bila kusomwa. Yao niliiwekea SSD mahali pa diski ya zamani, nikawasha ule usingizi wa kuchanganya, nikakipanga kitufe cha mbele kiwe cha kulaza badala ya kuzima, na nikaipanga ijiwashe upya yenyewe Jumapili usiku. Wanabonyeza kitufe kimoja kwenda na kitufe hicho hicho kurudi, na barua waliyoifungua jana inawangoja pale pale walipoiacha.